Ekstensheni ya kuchomekea vyombo vya muziki: ipi ya kuchukua, na ndani yake nibadilishe nini?

MpendaBesi

Wakuu salama? Naomba msaada wa mawazo, na tafadhali msinicheke. Nina ampli ya stereo ile yenye transfoma ya mduara kama pete, nzito kweli, halafu kuna DAC (kile cha kugeuza muziki wa dijitali kuwa sauti), kicheza santuri, sabufa yenye umeme wake, TV na king'amuzi. Vyote vinakula umeme kwenye ekstensheni mbili, moja imechomekwa kwenye nyingine kwa sababu ya kwanza matundu yalikwisha, isipokuwa sabufa ambayo iko ukuta wa pili na soketi yake peke yake.

Sasa kuna mambo mawili. La kwanza spika zinatoa ule mvumo mmmmmm hata muziki ukiwa umezimwa, ukiweka sikio karibu unausikia, na usiku nyumba ikitulia unausikia hata ukiwa kwenye kochi. La pili jana nimechomoa plagi ya ampli nikakuta tundu limekuwa la kahawia pembeni na pini moja imepata weusi. Nataka ninunue ekstensheni ya maana au hii niifungue niiboreshe. Nimeona zipo zenye filta, zenye kinga ya umeme kupanda, zenye chaja za USB, zenye dhahabu, yaani mpaka kichwa kinauma. Nianzie wapi?

fundi_waya

Mkuu huo ukahawia ndio wa kwanza, mvumo utasubiri. Chomoa hiyo ekstensheni leo na usiitumie tena mpaka uifungue. Tundu likibadilika rangi maana yake chuma cha ndani hakibani pini, na mahali pasipobana vizuri panakuwa na ukinzani, na ukinzani ukipitisha umeme unatoa joto. Piga hesabu ndogo tu, ukinzani wa 0.1 ohm ambao hata multimita ya kawaida haikuonyeshi sawasawa, pitisha ampia 10, unapata wati 10 za joto kwenye kipande cha chuma kidogo kama ukucha kilichozungukwa na plastiki. Wati 10 pale ni nyingi sana bro, solda inayeyuka.

Ila ngoja, ampli yako haili ampia 10, hata moja haifiki kwa sauti ya sebuleni. Kwa hiyo nakuuliza, kuna siku mtu kachomeka pasi au hita kwenye hiyo ekstensheni?

MpendaBesi

😅 Pasi. Kila asubuhi.

fundi_waya

Basi mchawi tumempata. Pasi ya wati 2000 kwenye 230 volti inavuta karibu ampia 9, na umeichomeka kwenye ekstensheni iliyo juu ya ekstensheni. Tundu lililolegezwa na joto la pasi ndio hilo hilo unampa ampli. Fungua utuambie kuna nini ndani, na kabla hujafungua chukua sumaku ya friji, iguse kwenye vyuma vya ndani ya matundu ukishaondoa kifuniko. Shaba na brasi hazivutwi na sumaku. Kikivutwa ni bati la chuma lililopakwa rangi ya brasi. Angalizo moja, baadhi ya soketi nzuri huwa na kibanio cha chuma nyuma ya brasi kama springi, hicho ni halali, angalia kile kinachogusa pini chenyewe.

SikioDhahabu

Mimi naomba nitofautiane kidogo na mafundi wa pasi 😂. Hi-fi si pasi. Umeme ndio malighafi ya muziki wako, ampli haifanyi kitu kingine zaidi ya kuukata umeme wa ukutani na kuutengeneza kuwa sauti. Mimi nilibadilisha ekstensheni ya plastiki nikaweka ya alumini yenye soketi zilizopakwa dhahabu na waya mnene kama kidole, besi ikakaza na jukwaa la sauti likafunguka. Usinunue takataka, na kila chombo kipe waya wake mnene.

fundi_waya

Karibu mkuu, nilikuwa nakusubiri.

Tufanye hesabu taratibu. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa kama 0.012 ohm kwa mita. Mita mbili, kwenda na kurudi ni nne, unapata kama 0.05 ohm. Ampli inayokula wati 100 inavuta chini ya nusu ampia, kwa hiyo kinachopotea kwenye waya ni volti 0.02. Utaniambia ampli haivuti umeme laini, inavuta kwa mapigo pale wimbi linapofika kileleni ndio kapasita zake, vile vitunza chaji vya ndani, zinajazwa, na hapo uko sahihi kabisa, pigo linaweza kufika ampia kadhaa. Haya tuseme 3, unapoteza volti 0.15. Sasa weka waya wa 2.5, inakuwa 0.09. Umeokoa sehemu ya volti ambayo huwezi kuiona, wakati umeme wa ukutani wenyewe unapanda na kushuka volti kadhaa jirani akiwasha pampu. Na nyuma ya ukuta kuna mita ishirini thelathini za waya wa kawaida mpaka kwenye breka ambazo hukuzibadilisha.

Dhahabu haina ukinzani mdogo kuliko shaba, sifa yake ni kutoota kutu. Ni nzuri kwenye plagi za RCA, zile za waya za sauti, ambako mkondo ni mdogo mno na utando kidogo wa kutu unasumbua. Kwenye soketi ya umeme kinachotakiwa ni kubana. Tundu la brasi linalobana kama koleo linaishinda dhahabu iliyolegea saa yoyote.

Ila nakubali kitu kimoja, ekstensheni yako ya alumini huenda ilikusaidia kweli, kwa sababu ambayo hukuisema: vyombo vyako vyote vikahamia sehemu moja. Tutafika huko.

MpendaBesi

Nimeifungua wakuu, daah.

Kwanza chini skrubu nne, mbili za pembe tatu zile za kuzuia watu, nikatumia bisibisi bapa nikazikomoa. Ndani hakuna waya kwenye matundu, ni mabati matatu marefu yanapita urefu wote wa ekstensheni na kila tundu ni sehemu ya bati iliyokunjwa. Sumaku imeng'ang'ania bati zote tatu. Tundu la pasi lile bati limefunguka kama mdomo, nikichomeka plagi inaingia bila kusikia chochote, tundu la mwisho ambalo halijatumika bado linabana.

Waya wa nje umeandikwa 3x0.75, ncha zake zimepakwa risasi ya kuchomelea halafu zikabanwa na skrubu, na ile ya laivu inayoleta umeme nikaishika kwa koleo ikazunguka yenyewe, skrubu imelegea kabisa. Nilipokwangua waya kwa kisu rangi ya shaba ikatoka, ndani mweupe!! Na ile ethi ya usalama inayokwenda ardhini, waya wa kijani na njano, umepigwa nukta moja ya solda juu ya bati, nilipouvuta kidogo ukang'oka.

Kuna vitu viwili bapa vya mviringo vya bluu kati ya laivu na nyutro (waya wa kurudi), na taa ya swichi. Basi. Juu ya boksi iliandikwa kinga kamili na filta ya masafa.

Mama Santuri

Kaka, mweupe ndani ni alumini iliyovishwa shaba. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba na inakatika ikikunjwa mara nyingi. Usihangaike na hiyo, itupe, chukua swichi yake kama kumbukumbu.

Na hivyo vya bluu si filta, ni varista. Soma maandishi yake, utakuta kitu kama 14D431K au 10D471K.

MpendaBesi

10D471K zote mbili. Umejuaje dada?

Mama Santuri

Kwa sababu ndizo zilizojaa duniani kwenye umeme wa 230 😀. Namba ya kwanza ni kipenyo, milimita 10. 471 ni 47 na sifuri moja, volti 470, hapo ndipo inapoanza kupitisha. Kazi yake ni umeme ukiruka ghafla yenyewe inafunguka na kumeza kile kilele. Shida ni kwamba kila ikimeza inachakaa kidogo, haina mita ya kukuonyesha imebaki kiasi gani, na ikizeeka inaanza kuvuja na kupata moto. Ndio maana ekstensheni nzuri inaweka fyuzi ya joto imeshikana na varista, ikichemka inakatwa, na taa ya "kinga ipo" inazimika. Yako ina fyuzi ya joto?

MpendaBesi

Hakuna. Zimechomelewa moja kwa moja.

KichwaNgumu

Mnazunguka sana nyie. Mvumo ni ethi. Kata pini ya ethi kwenye plagi ya ampli au bandika tepu, mvumo unaisha dakika moja. Nimefanya miaka na miaka.

fundi_waya

HAPANA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Nisimulie. Niliitwa kwa mtu, ampli yake ya bomba za kioo, ethi ilikatwa na aliyemtangulia ili "isivume". Waya wa ndani ulichubuka ukagusa kasha. Ethi ingekuwepo breka ingeanguka pale pale na stori ingeishia hapo. Haikuwepo, kwa hiyo kasha zima likawa laivu linakaa kimya linasubiri mtu, na kwa kuwa waya za RCA zinaunganisha makasha yote, DAC nayo ikawa laivu, na kicheza santuri, na mkono wa sindano. Mwenye nyumba alirushwa akiwa anabadilisha santuri, mkono mmoja kwenye mkono wa sindano mwingine umeshika bomba la radieta. Alipona kwa sababu alirushwa nyuma. Mimi nilifika na tesita, ile bisibisi ya taa, nikagusa skrubu ya kicheza santuri, ikawaka. Sijawahi kusahau ile taa ndogo ya rangi ya chungwa.

KichwaNgumu uko sahihi kwamba mvumo unahusiana na ethi. Dawa yako ndiyo mbaya.

KichwaNgumu

Sawa mkuu nimekusikia. Mbona basi vyombo vingine vinakuja na plagi ya pini mbili kiwandani, navyo ni hatari?

fundi_waya

Swali zuri. Geuza nyuma utaona alama ya mraba ndani ya mraba. Hicho kimetengenezwa na insulesheni mara mbili, kasha haliwezi kufikiwa na laivu hata kitu kimoja kikiharibika. Kilichokuja na pini tatu hakikutengenezwa hivyo, ukikata pini hukigeuzi kuwa kile kingine.

Mama Santuri

Sasa nieleze mvumo maana mwenye uzi tumemtelekeza.

Mpenda besi, ampli yako ina ethi, sabufa ina ethi, na ziko kwenye soketi mbili tofauti za kuta mbili. Zimeunganishwa na waya wa RCA ambao ule wavu wa nje unashika kasha la huku na kasha la kule. Hesabu njia: kutoka ampli kwenda ukutani kwa ethi, ndani ya ukuta mpaka soketi ya pili, kupanda kwenye sabufa, kurudi kwa RCA. Ni duara kamili. Ethi za soketi mbili hazina volti sawa sawa kabisa, kuna tofauti ndogo ya milivolti, hiyo tofauti inasukuma mkondo kwenye wavu wa RCA, na ampli haijui kutofautisha hizo milivolti na muziki. Inakuza vyote. Ndio mmmm yako, hertzi 50 au 60 kutegemea gridi ya mahali ulipo. Ingekuwa inakereza zaidi, bzzzzz, ya mara mbili ya hapo, ningeshuku kapasita za ndani ya ampli zimechoka.

Na kuna duara la pili watu wanalisahau, waya wa antena. King'amuzi hakina ethi kwenye plagi lakini waya wa dishi umefungwa ethi nje huko, unaingia nao ndani mpaka kwenye ampli.

Jaribio: zima vyote, chomoa RCA zote kwenye ampli, washa ampli peke yake. Kama kimya, zima, chomeka RCA moja, washa, sikiliza. Moja moja. Mvumo utajitaja wenyewe. Na usichomoe RCA ampli ikiwa inawaka, utapiga spika kofi.

MpendaBesi

Nimefanya usiku huu. Ampli peke yake: kimya. Na DAC: kimya. Kicheza santuri: kimya karibu kabisa, kale kawaya kembamba ka ethi kalikuwa kamelegea nimekakaza. Sabufa: mmmmm kubwa. Nikaiacha sabufa nikachomeka TV: bzmmm ikaongezeka. Nikaenda nyuma ya king'amuzi nikafungua waya wa dishi, ule ongezeko ukapotea papo hapo, yaani nilicheka peke yangu. Mchawi wa pili!

Kwa hiyo ninunue kile kitenganishi cha waya wa antena?

Mama Santuri

Angalia kwanza. Vingi vya hivyo vinazuia umeme wa DC, na dishi linahitaji DC kutoka king'amuzi ili kile kichwa chake kifanye kazi. Ukiweka picha inapotea. Kwa antena ya kawaida isiyo na busta sawa.

DAC yako ina tundu la mwanga, lile la waya wa plastiki wenye taa nyekundu? Tumia hilo kutoka TV. Mwanga haubebi ethi, duara limekatika na hujakata usalama wa kitu chochote. Na sabufa iletee umeme kutoka ekstensheni moja na ampli, ethi zao ziwe sehemu moja.

Mwanagenzi

Wakuu naingilia, mimi kwangu nikigusa kasha la ampli na mkono mkavu nahisi kama linatetemeka, kama velveti hivi, nikipima na multimita kutoka kasha mpaka bomba la maji napata volti 110. Ekstensheni yangu ni ile yenye filta ya nguvu, ya bei mbaya.

fundi_waya

Na soketi yako ya ukutani haina ethi. Au ina tundu la ethi ambalo nyuma yake hakuna waya, hayo nayo yapo mengi.

Filta ya kweli ina koili na kapasita, na kapasita mbili ndogo zinatoka laivu kwenda ethi na nyutro kwenda ethi ili kumwaga uchafu wa masafa ya juu. Ethi ikiwepo hakuna shida. Ethi isipokuwepo hizo kapasita mbili zinagawana 230 katikati na kukupa kasha lenye nusu yake, ndio 110 zako. Mkondo wenyewe ni mdogo, kapasita ya 2.2 nanofaradi inapitisha kama miliampia 0.16, ndio maana unahisi velveti tu. Lakini chomeka vyombo vingi vyenye filta kila kimoja, zinajumlishana.

Pima ukutani, laivu na nyutro upate 230 hivi, laivu na ethi upate karibu hiyo hiyo, nyutro na ethi volti chache. Laivu na ethi ikitoa kitu cha ajabu kama 90 au inayoyumba yumba, ethi inaelea. Hapo ekstensheni ya aina gani haijalishi, ita fundi wa nyumba kwanza. Na ujue hata ile kinga ya varista kwenda ethi inakuwa haina pa kumwagia.

Mwanagenzi

Nyutro na ethi 97. Asante nimeogopa nimezima.

MpendaBesi

Kwangu nimepima: 231, 230, 1.2. Niko salama? Basi nitengeneze yangu sasa, nimeamua kuijenga upya kabisa. Naomba mnielekeze vitu.

fundi_waya

Uko salama. Kununua tafuta inayofunguka kwa skrubu si ya ribiti, isiyo na swichi kwa kila tundu maana kila swichi ni mahali pengine pa kulegea, isiyo na USB maana ile chaja ni kiwanda cha kelele umekiweka nyumba moja na santuri, na isiyo na yale matundu ya "inameza plagi zote za dunia". Tundu linalopokea kila kitu halibani kitu, na mara nyingi ethi ya plagi yako haigusi popote.

Ukijenga: kasha la chuma au alumini, soketi nzima nzima zile za ukutani, waya wa shaba tupu 3x1.5. Huo unatosha na unabaki, vyombo vyako vyote pamoja havifiki wati 500. Kama mahali ulipo plagi zina fyuzi ndani, kumbuka fyuzi inalinda waya. Ekstensheni yako ya zamani ilikuwa na waya wa 0.75 ambao unamudu kama ampia 6, fyuzi yake ilikuwa ya ngapi?

MpendaBesi

13 🙈

fundi_waya

Ndiyo hiyo, waya ungeungua fyuzi ikiangalia.

Ncha za waya USIZIPAKE RISASI. Risasi ni laini, ukiikaza na skrubu inatiririka taratibu chini ya mgandamizo, baada ya miezi skrubu imelegea bila mtu kuigusa, ndivyo ulivyokuta kwenye yako. Tumia vile vibomba vidogo vya kubana kwa koleo lake, feruli. Waya wa ethi ukate mrefu kuliko wenzake ndani ya kasha, ili siku mtu akijikwaa akavuta waya, laivu ing'oke kwanza na ethi ibaki ya mwisho. Kasha la chuma lenyewe lifungwe ethi kwa lugi (kijicho kinachobanwa kwenye ncha ya waya) na washa ya meno, kwangua rangi pale mpaka chuma king'ae. Pale waya unapoingia weka kibano, si fundo. Fundo ni la kamba ya mbuzi.

Kisha kabla ya kuchomeka pima kutoka pini ya ethi ya plagi mpaka kila tundu la ethi na mpaka kwenye kasha. Gusanisha kwanza ncha za multimita yako uone yenyewe inasoma ngapi, 0.2 au 0.3, uitoe. Kinachobaki kiwe karibu na sifuri. Halafu laivu na nyutro, laivu na ethi, zisome wazi kabisa.

MpendaBesi

Filta niweke?

Mama Santuri

Mimi kwangu sina. Duara la ethi filta haiondoi, ile ni hertzi 50, filta za ekstensheni zinaanza kazi masafa ya juu huko. Kama unasikia redio ikipenya kwenye spika, au tiki kila friji ikiwaka, hapo inasaidia. Kapasita moja ya aina ya X2, 0.1 maikrofaradi, kati ya laivu na nyutro inatuliza ile tiki, na iwe X2 kweli imeandikwa, hiyo ikishindwa imetengenezwa isiwake moto. Weka na rezista ya megaohm moja sambamba nayo, la sivyo ukichomoa plagi ukashika pini utaumwa na chaji iliyobaki.

Mwanagenzi

Na umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo? Varista inatosha?

fundi_waya

Varista inameza kile cha sekunde ndogo ndogo. Umeme ukirudi na 280 ukakaa hivyo dakika tano, varista haiokoi, kwa waliochagua yenye volti ndogo ndio inawaka yenyewe. Hapo unataka kile kifaa cha kuchelewesha kinachokata ukizidi, kama cha friji. Radi ikianza chomoa, na waya wa antena uchomoe, na wa intaneti. Umeme ukikatika mimi nazima ampli kwa mkono, inawashwa ya mwisho, inazimwa ya kwanza.

Na kama breka inaanguka ukiwasha ekstensheni nzima kwa swichi moja, si ugonjwa, ni ile transfoma ya pete inavuta makumi ya ampia kwa chembe ya sekunde. Washa moja moja.

SikioDhahabu

Na transfoma inayonguruma yenyewe, si kwenye spika, ndani ya kasha? Yangu kuna saa inanguruma saa inanyamaza. Waya mnene haukusaidia, nakiri.

fundi_waya

Angalia saa inaponguruma kama kuna mtu anakausha nywele kwa ile namba ndogo. Drayer nyingi kwenye joto dogo zinapitia dayodi moja, zinakula nusu tu ya wimbi, umeme wa nyumba unaegemea upande mmoja kidogo, na transfoma za pete hazipendi hiyo hata kidogo, chuma chake kinashiba sumaku. Kuna sakiti ya kuzuia, kapasita kubwa mbili na daraja la dayodi, ila hiyo ikae kwenye kasha lake na ijengwe na mtu anayeijua.

SikioDhahabu

Ni drayer 😂😂 nimetoka kusikiliza mlangoni.

MpendaBesi

Wakuu mrejesho. Kasha la alumini, soketi sita za brasi nimezipima zote na sumaku dukani mpaka muuzaji akaniuliza kama niko sawa. Waya 1.5, feruli, ethi ndefu, kasha limefungwa. Sikuweka filta wala varista. Sabufa nimeirefushia waya wa umeme ikaja kuchomekwa hapa hapa, waya nimeupitisha nyuma ya kabati mbali na RCA, pale zinapokutana zinakatizana kama msalaba. TV inaenda kwa mwanga.

Jana saa sita usiku nimeweka sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Nasikia shhh nyembamba sana, mvumo hakuna. Kwenye kochi hakuna kitu. Besi je imekaza? Sijui wakuu, nadhani ni ile ile, ila sehemu za kimya zimekuwa kimya.

Pasi imepewa soketi yake ya ukutani na onyo kali. Swali dogo, ile swichi ya zamani niliihifadhi nikaifunga hapa, taa yake inapepesa pepesa, ni tatizo?

fundi_waya

Hongera. Hiyo ni neoni, imezeeka tu. Ila swichi imetoka kwenye ile takataka? Itoe mkuu, pima kama inakata laivu na nyutro zote mbili, na ukiwa hapo ndani kaza skrubu zote tena, waya mpya huwa unajilaza siku za kwanza.

MpendaBesi

Inakata laivu peke yake. Skrubu mbili zimezunguka robo. Swichi iko kwenye ndoo ya taka.